Sauti ya Karibu: He'll Have to Go na Walioiimba Baada ya Jim Reeves

Mimi ni fundi wa redio na spika hapa Malindi, nyuma ya soko la zamani, kwenye kibanda nilichorithi kwa marehemu baba. Yeye alitengeneza gramafoni na redio za betri. Mimi naletewa zaidi wufa za nyumbani, amplifaya za misikiti na makanisa, na vyombo vya bendi zinazopiga kwenye hoteli za Casuarina na Silversands. Kazi imebadilika, wimbo wa majaribio ni uleule. Nikishafunga skrubu ya mwisho, chombo nakipigia He'll Have to Go ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ndipo nampigia mwenyewe simu aje achukue mali yake.

Vijana wa bendi hushangaa. "Dada fundi, huna amapiano?" Ninayo. Lakini amapiano haiwezi kunieleza ninachotaka kujua.

Hewa yetu ni adui wa spika. Kusi ikivuma, chumvi inaingia mpaka ndani ya maboksi. Sumaku zinashika kutu, gundi ya mpira wa pembeni inaachia, na koili inakaa upande. Huwa naiweka spika mezani uso juu, naigusa karatasi yake kwa vidole vya mikono miwili, kulia na kushoto, kisha naisukuma chini taratibu, kiasi cha unene wa sarafu. Koili ikiwa imekaa sawa, karatasi inashuka na kupanda kimya. Ikiwa imepinda, unapata mchakacho mdogo wa waya wa shaba unaokwaruza chuma, na mchakacho huo vidole huupata kabla ya masikio. Spika yenye ugonjwa huo inaweza kukupigia muziki wa ngoma nyingi usiku kucha na usijue, kwa sababu kelele moja inaificha nyingine. Ukiiwekea Jim Reeves haina pa kujificha. Ala ni chache: piano ya Floyd Cramer, besi, gita, ngoma iliyoguswa tu, vaibrafoni, na waitikiaji wa Anita Kerr kwa nyuma. Katikati yake sauti ya mwanamume inateremka mpaka mwisho wa mstari, na inapotua pale chini, spika mbovu hukoroma.

Kwa hiyo nimeusikia wimbo huu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na badala ya kuchoka nikaanza kutafuta waliouimba wengine. Ninao kwenye flashi moja, matoleo mengi. Nataka kuyaeleza hapa, kwa sababu naona watu huyapima vibaya. Wanauliza nani ana sauti nzuri. Mimi nauliza mwimbaji ameweka mdomo wapi.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ambaye hajakifuatilia. Mwanamume yuko baa. Amempigia simu mwanamke anayempenda, na anajua kuna mwingine naye muda huohuo. Anamwomba asogeze mdomo karibu na simu, wajifanye wako pamoja wawili tu. Yeye atamwambia mwenye baa apunguze sauti ya sanduku la santuri. Mwanamke naye amwambie huyo rafiki yake kwamba itambidi aende, na hiyo ndiyo maana ya jina la wimbo. Kisha anakumbuka kwamba mwenzake hawezi kusema lolote huku akisikilizwa, basi anampa njia: ajibu ndiyo au hapana, yeye ataelewa.

Hakuna zaidi ya hapo. Hatujui jibu. Hatujui hata kama simu ilikatwa.

Baba hakuwahi kukanyaga baa maisha yake yote, na wimbo huu aliupenda. Alikuwa akisema yule bwana ana adabu: hamtukani mwenzake, hatishii, anauliza swali moja na kungoja.

Uliandikwa na mume na mke, Joe na Audrey Allison. Wa kwanza kuurekodi ni Billy Brown, mwaka 1959, na haukuvuma. Reeves akaurekodi Nashville mwezi Oktoba mwaka huohuo, mtayarishaji akiwa Chet Atkins, na kampuni ya santuri ya RCA Victor wakauweka upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza, ambao ndio waliuwekea matumaini, ulikuwa In a Mansion Stands My Love. Watangazaji wa redio za Marekani wakaigeuza santuri. Ilipofika Februari 1960 wimbo ulikuwa nambari 1 kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ukakalia kiti hicho kwa wiki 14, na kwenye chati ya jumla ukapanda hadi nambari 2. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamekosea upande, na waliosahihisha ni watu wenye kazi ya kusikiliza kutwa. Jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa turudi kwenye mdomo. Reeves hakuanza hivi. Tafuta Mexican Joe, wimbo wake wa 1953 ulioshika nambari 1: anaimba juu, kwa nguvu, kama mtu anayeita mashua ng'ambo ya mto. Mwaka 1957, kwenye Four Walls, akashusha sauti na kuisogelea maikrofoni. Mtu wa vyombo anajua kinachotokea hapo. Maikrofoni nyingi, mdomo ukizikaribia, besi inapanda yenyewe bila kuguswa kitufe, na pumzi inaanza kusikika. Ni kosa tunalowakataza wahubiri na maimamu kila siku, maana maneno yao huvimba. Reeves aliligeuza kuwa mtindo. Alikuwa ametangaza redio Texas na Louisiana kabla ya kuvuma, na mtangazaji hujifunza mapema kwamba anaongea na mtu mmoja aliyekaa sebuleni. Fidla na gita la chuma la kantri ya zamani vikapunguzwa, ala zikarudi nyuma, na mbele akabaki mtu anayekusemeza sikioni.

Kuna jambo lilinijia nikiwa kazini, na tangu hapo wimbo huu siusikii kama zamani. Simu ya waya hupitisha masafa ya kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3400 tu. Yaliyo chini na juu ya hapo hukatwa. Sauti nzito ya mwanamume huanzia chini ya hezi 100. Maana yake ule uzito wote tunaoupenda, ule unaonipimia spika, yule mwanamke hausikii. Kwake inafika sauti nyembamba, ya puani, yenye mlio wa bati. Sisi wasikilizaji hatukuwekwa upande wake. Tumewekwa ndani ya baa, sikio kando ya shingo ya mpigaji, na tunapata joto lote ambalo waya unamnyang'anya njiani. Tunasikia alichonacho, huku tukijua kinachofika ni robo yake. Mimi naamini uchungu wa wimbo uko hapo, na kwamba ndiyo sababu mtu akiuimba kwa kupaza sauti unakufa mikononi mwake hata kama ana koo la dhahabu.

Wa rika langu watakumbuka vibanda vya simu vya Posta, foleni nyuma yako, sarafu zinamezwa, nawe unapiga kelele ili usikike Mombasa. Kunong'ona kwenye simu ile kulikuwa ni kujitoa mhanga. Yule bwana ananong'ona.

Toleo la pili ninalolipenda si la kuiga, ni la kujibu, na hapa watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu. Muyaka wa Mombasa alirusha mashairi Lamu na malenga wa Lamu wakarudisha, karne mbili zimepita. Taarab nayo tumeijua hivyohivyo: huyu katoa fumbo, yule katoa jibu, na waliokaa kwenye mikeka wanajua nani amesemwa. Basi mwaka 1960 huohuo, binti wa California aitwaye Jeanne Black alitoa He'll Have to Stay. Lahani ileile, simu ileile, ila sasa anayeongea ni mwanamke. Anamwambia: nilikungoja sana, simu haikulia, ulikuwa huko kwingine na wengine wako, sasa nimempata wa kunipenda, na huyu atabaki. Wimbo ulifika nambari 4 kwenye chati ya jumla ya Marekani. Haukuwa mzaha wa pembeni.

Kwa sauti, Jeanne Black hamkaribii Reeves. Anaimba safi, wazi, mbali kidogo na maikrofoni, na chombo changu hakipati cha kufanya. Lakini alichokifanya kwa maneno hakifutiki. Ukishamsikia, ukirudi kwa Reeves unaanza kumuuliza maswali. Huyu bwana mpole, mbona anapiga kutoka baa? Saa ngapi hizo? Mama yangu hakuwahi kumsikia Jeanne Black, na alikuwa akiuliza hayohayo. Baba akiweka ile santuri jioni, yeye anapepeta mchele uani, anasema: "Na yeye muda wote alikuwa wapi?" Baba hucheka, hajibu. Nilipompigia mama toleo la Jeanne Black hivi karibuni na kumweleza maneno, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante mwanangu. Alhamdulillahi, kuna aliyesema."

Solomon Burke aliuimba kwenye albamu ya Rock 'n Soul, 1964. Burke alikuwa mtu wa Philadelphia, mweusi, mhubiri tangu utotoni, na alishaonyesha mwaka 1961 kwa Just Out of Reach kwamba wimbo wa kantri ukitiwa roho ya kanisa la watu weusi unapata damu mpya. Sauti yake ni pana. Kwake lile ombi la simu linakaribia kuwa dua. Anajua kujizuia, na hilo ndilo linalomwokoa: unasikia kwamba angeweza kuezua paa, na hataki. Mwezi Julai mwaka huohuo wa 1964 Reeves alikufa, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville katika mvua kali. Alikuwa na miaka 40.

Elvis Presley aliufikia wimbo huu mwishoni kabisa. Oktoba 1976 RCA walimpelekea mitambo ya kurekodia nyumbani kwake Graceland, na huu ni miongoni mwa nyimbo za mwisho alizorekodi kwa namna hiyo. Ulitoka kwenye albamu ya Moody Blue mwezi Julai 1977. Agosti 16 akafa. Watu humsikiliza kwa huruma na kusema ni toleo kubwa. Naelewa. Sauti imekuwa nzito, pumzi ni za mtu aliyechoka, na ukijua miezi iliyobaki unapata baridi. Lakini yule mpigaji simu wa Elvis amekwishakata tamaa kabla ya kuuliza, na wimbo huu unahitaji mtu anayedhani bado anaweza kujibiwa ndiyo. Wateja wangu kadhaa watanikasirikia kwa maneno haya. Nimeyafikiri, na nasimama nayo.

Tom Jones, 1967: koo la kujaza ukumbi, mahali ambapo hapahitajiki ukumbi. UB40, bendi ya Uingereza, 2013: mdundo wa rege, mwepesi, wa kusikiliza ukiosha vyombo, na unaeleweka kabisa kwa sababu Jamaika wamempenda Reeves muda mrefu kama sisi.

Sisi, tena sana. Ukienda bara, wapiga gita wa mugithi, muziki wa Wakikuyu, huchanganya nyimbo zake na za kwao usiku kucha. Nairobi yuko Sir Elvis Otieno, Mkenya aliyejijengea jina zima kwa kantri. Hapa Malindi bendi za hoteli huzipiga kwa wageni wa Kiitaliano, na wanaoimba pamoja nao mara nyingi si Waitaliano, ni wahudumu. Reeves mwenyewe alifika Afrika mwaka 1962, pamoja na Chet Atkins na Floyd Cramer, lakini alikwenda Afrika Kusini ya ubaguzi, akarekodi na nyimbo kwa Kiafrikana. Hilo linaniuma, na silifichi kwa sababu nampenda. Huku kwetu alikuja kwa redio tu, na redio haikuwa na mlango wa weupe na mlango wa weusi.

Nimeacha la mwisho makusudi, kwa sababu ndilo ningebaki nalo kama flashi yangu ingepotea na kunirudishia wimbo mmoja zaidi ya ule wa Reeves. Ry Cooder, albamu ya Chicken Skin Music, 1976, mwaka uleule wa Elvis. Cooder ni mpiga gita wa California, na sauti yake si nzito hata kidogo. Hakujaribu kujifanya Reeves. Alikwenda kumchukua Flaco Jiménez wa San Antonio, Texas, mpiga kodiani wa muziki wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, akampa ile nafasi ya ukaribu.

Kodiani! Sisi tulioilea kwenye harusi tunajua inavyoweza kuvuta pumzi. Chombo hiki kina mapafu. Jiménez anapojibu mstari wa Cooder, haupambi; anaushika pale ulipoachwa, anauvuta kidogo, anauacha utue, na mivukuto inasikika ikifunguka. Kile ambacho Reeves alikifanya kwa mdomo na maikrofoni, Jiménez anakifanya kwa mikono. Mwimbaji anakuwa mtu wa kawaida mwenye sauti ya kawaida, kama sauti zetu wengi tunavyozisikia kwenye simu, na ule moyo wake usiopita kwenye waya unasikika kando yake, kwenye kodiani. Kwangu hili ndilo toleo lililoelewa kwamba waya unaiba sauti. Jiménez alifariki mwaka 2025, Mungu amlipe kwa kazi ya mikono yake.

Nilimpigia toleo hilo mzee mmoja kutoka Mambrui aliyeniletea redio yake ya zamani, mtu aliyepiga fidla kwenye taarab ujanani. Nilimwamkia, nikamkalisha kwenye benchi, nikaliweka kwa sauti ndogo. Hajui Kiingereza. Kodiani ilipoingia aliinua kidole, akakiacha hewani mpaka kipande kikaisha. "Mwanangu," akasema, "huyu wa kodiani ni mtu wa wapi? Huyu ameshapiga harusi." Nikamwambia ni mtu wa Texas, Marekani. "Basi na huko wanaoa," akasema, akataka lirudiwe.

Tangu siku hiyo nina hamu moja, na naiandika hapa ili iwafikie wenye uwezo. Juma Bhalo alichukua lahani za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili, na leo watu wanaziimba bila kujali zilitoka wapi. Kuchukua lahani ya mwenzako na kuitia maneno yako ni kazi halali ya pwani hii. Kwa nini hii tusiichukue? Naisikia kabisa inavyotakiwa kuwa. Ngoma kubwa zikae kimya. Kodiani ianze peke yake, mapigo machache, kisha udi uingie kwa nyuzi za chini. Mwimbaji mwanamume wa sauti nzito akae kitini, mdomo kwenye maikrofoni, asipaze hata neno moja, aulize swali lake. Hapohapo, bila ala kupumzika na bila watu kupata nafasi ya kupiga makofi, mwanamke aliyekaa kando yake ashike lahani ileile amjibu. Jibu lisiwe la matusi wala la kudhalilisha. Liwe na uzito sawa na swali, na amwambie waziwazi alikuwa akimngoja wapi na kwa muda gani.

Kikundi chochote cha Malindi, Mambrui au Lamu kilicho tayari, kinione kibandani siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Vyombo vya kurekodia nitatoa mimi bila malipo. Beti za mwanamke nimeshaanza kuzitunga, na mama ananisaidia. Za mwanamume nawaachia nyinyi wenyewe.